Ahmed Heikal: Mwekezaji wa Misri aliyeishika reli ya Mombasa hadi Tororo

Dk. Ahmed Heikal ni mfanyabiashara wa Misri, mwanzilishi na mwenyekiti wa kampuni ya uwekezaji ya Qalaa Holdings, ambayo hadi mwaka 2014 ilijulikana kwa jina la Citadel Capital. Maneno yote mawili, la Kiarabu na la Kiingereza, yana maana moja: ngome. Wafanyabiashara wa Busia, Malaba na Tororo wanaomjua kwa sura ni wachache. Hata hivyo, kuanzia mwaka 2010 hadi 2017 kampuni yake ndiyo iliyokuwa na sauti kubwa kuliko zote katika Rift Valley Railways (RVR), iliyoendesha reli inayotoka bandari ya Mombasa, kuvuka mpaka Malaba, kupita Tororo na kuishia Kampala.

Habari zake zina faida kwa msafirishaji yeyote anayejiuliza kwa nini reli hiyo, yenye umri wa zaidi ya miaka 100 upande wa pwani, bado inabeba sehemu ndogo tu ya mzigo wa Uganda, huku foleni ya malori ikiwa ndiyo sura ya kila siku ya mpaka.

Mtoto wa mwandishi wa Nasser

Baba yake, Mohamed Hassanein Heikal, alikuwa mwandishi wa habari aliyesomwa kuliko wote katika nchi za Kiarabu. Aliongoza gazeti la Al-Ahram la Cairo tangu mwaka 1957 hadi 1974, na alikuwa msiri wa Rais Gamal Abdel Nasser, kiongozi aliyetaifisha Mfereji wa Suez mwaka 1956 na baadaye makampuni mengi ya watu binafsi. Mzee huyo alifariki dunia mwezi Februari 2016. Yaani nyumba iliyotoa msemaji mkubwa wa siasa ya kutaifisha ndiyo iliyotoa pia mtu aliyetajirika katika enzi ya kubinafsisha.

Ahmed hakufuata kalamu ya baba. Alisomea uhandisi, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani ambako alipata shahada ya uzamivu katika uhandisi wa viwanda. Baadaye alifanya kazi EFG-Hermes, benki ya uwekezaji ya Cairo iliyokua haraka katika miaka ya 1990, wakati serikali ya Misri ilipokuwa ikiuza mashirika ya umma. Alipanda hadi kuwa mmoja wa wakurugenzi wake. Ndugu yake, Hassan Heikal, naye alikuja kuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa benki hiyo.

Mwaka 2004 Ahmed aliondoka, na pamoja na mwenzake Hisham El-Khazindar akaanzisha Citadel Capital.

Kununua, kutengeneza, kuuza

Citadel ilikuwa kampuni ya mtaji binafsi. Jina hili halisikiki sana mpakani, ingawa kanuni yake haina ugeni wowote. Chukua mtu wa Busia mwenye jicho la kutambua lori bovu ambalo chesisi yake bado ni nzima. Hana fedha za kutosha. Anawakusanya jamaa kumi wenye akiba, anaongeza mkopo wa benki, analinunua lori, analipeleka gereji, anabadilisha dereva, analitafutia mizigo kwa miaka mitatu, kisha analiuza kwa bei ya juu. Jamaa wanarudishiwa mtaji wao na faida, naye anakata fungu lake. Katika biashara hii duniani, fungu la kawaida la msimamizi ni asilimia 2 ya mtaji kila mwaka, na asilimia 20 ya faida siku ya kuuza.

Roho ya mpango huo ni mkopo na muda. Mkopo unamwezesha mtu kununua kitu kikubwa kuliko mfuko wake. Muda unambana: waliotoa fedha wanataka kuziona zimerudi baada ya miaka mitatu, mitano, au saba, si zaidi ya hapo.

Mwanzoni Heikal alifaulu sana. Mwaka 2005 Citadel ilinunua kampuni ya mbolea ya Egyptian Fertilizers Company. Mwaka 2007 iliiuza kwa Abraaj ya Dubai kwa dola za Marekani bilioni 1.4 hivi, na faida ya biashara hiyo moja ilimjengea jina. Wenye fedha wa Ghuba walimwamini. Citadel ikanunua saruji, nishati, chakula, migodi, mashamba nchini Sudan na majahazi ya mizigo katika Mto Nile. Mwezi Desemba 2009 hisa zake ziliingia katika Soko la Hisa la Misri. Wakati huo ilikuwa ikijitangaza kuwa kampuni kubwa ya aina yake barani Afrika, yenye miradi ya zaidi ya dola bilioni 8.

Ni katika miezi hiyo hiyo ndipo macho yake yalipogeukia reli ya Kenya na Uganda.

Hali ya reli kabla yake

Ujenzi wa reli hii ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Kisumu mwaka 1901. Njia iliyopita Eldoret na kuingia Uganda kwa upande wa Tororo ilifika Kampala mwaka 1931. Tororo ikawa njia panda: tawi moja linaelekea Jinja na Kampala, jingine linaelekea Mbale, Soroti, Lira, Gulu na hatimaye Pakwach kando ya Nile. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilichukua kipande chake. Tangu hapo mabehewa yalichakaa, mataruma yalioza, na mwenye mzigo akajifunza kutegemea lori.

Tarehe 1 Novemba 2006 serikali za Kenya na Uganda zilikabidhi reli hizo, zaidi ya kilomita 2,300 kwa jumla, kwa RVR kwa mkataba wa miaka 25. Mali ilibaki ya serikali. Kampuni ilitakiwa kuendesha treni, kukarabati njia, kuongeza shehena mwaka hadi mwaka, na kulipa ada ya asilimia 11.1 ya mapato kwa kila nchi kwa upande wake. Kiongozi wa kundi la wenye hisa alikuwa Sheltam ya Afrika Kusini, na miongoni mwa washirika wake ilikuwemo TransCentury ya Nairobi.

Sheltam haikuwa na kifua cha kuubeba mzigo huo. Kabla haijatulia, vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 zilifika kwenye reli yenyewe: mwezi Januari 2008 njia iling'olewa mtaa wa Kibera, Nairobi. Treni za Uganda zilisimama, na Kampala ikaonja uhaba wa mafuta. Serikali zote mbili zikaanza kutishia kuuvunja mkataba.

Kuingia kwa Citadel

Mwishoni mwa mwaka 2009 Citadel ilianza kununua hisa za Sheltam. TransCentury ilipinga vikali, kwa kuwa nayo ilitaka kuongoza, na kwa miezi kadhaa wenye hisa walivutana huku treni zikiharibika njiani. Mgogoro uliisha mwaka 2010 kwa mgawanyo huu: Citadel asilimia 51, TransCentury asilimia 34, na Bomi Holdings ya Uganda asilimia 15.

Hesabu ya Heikal haikuwa ya kubahatisha. Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo hazina bahari. Mafuta yalikuwa yamegunduliwa Uganda mwaka 2006. Sudan Kusini ilikuwa njiani kupata uhuru, ulioupata mwezi Julai 2011, na Citadel ilikuwa tayari na biashara ya vyombo vya mizigo katika Nile. Ukiitazama ramani, Pakwach iko mtoni na Tororo iko kwenye njia ya Mombasa. Anayeishika reli ya Tororo hadi Pakwach anaweza kuota ndoto ya kupeleka mzigo kutoka Bahari ya Hindi hadi kwenye Nile bila lori la masafa marefu. Ilikuwa ndoto nzuri, na lazima isemwe kwamba hakuna mwekezaji mwingine wa wakati ule aliyeiota kwa fedha taslimu.

Mwezi Agosti 2011 RVR ilipata mkopo wa dola milioni 164 ili kutimiza mpango wa miaka mitano wa dola milioni 287. Wakopeshaji walikuwa Benki ya Maendeleo ya Afrika, Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) lililo chini ya Benki ya Dunia, KfW ya Ujerumani, FMO ya Uholanzi, Equity Bank ya Kenya na wengineo. Uendeshaji ulipewa mafundi wa América Latina Logística, kampuni ya reli ya Brazil, na mwenyekiti mtendaji akawa Brown Ondego, aliyewahi kuiongoza Mamlaka ya Bandari ya Kenya.

Kazi ilionekana. Sehemu mbovu kati ya Mombasa na Nairobi zilitandikwa upya. Mfumo wa kuongoza treni kwa setilaiti ulifungwa badala ya ule wa zamani wa kukabidhiana vibali stesheni hadi stesheni. Mwaka 2013 njia ya Tororo hadi Pakwach, yenye urefu wa kilomita 500 hivi, ilifunguliwa tena baada ya kulala karibu miaka 20 kwa sababu ya uchakavu na vita vya kaskazini. Vichwa 20 vya treni vya General Electric, vilivyokwisha kutumika lakini vikafanyiwa matengenezo, viliagizwa kutoka Marekani na kuanza kuwasili mwaka 2014. Mwezi Machi mwaka huo huo kampuni ya Heikal ilinunua hisa zote za TransCentury kwa dola milioni 43.7, ikafikisha asilimia 85.

Mahali hesabu ilipoharibika

Pamoja na hayo yote, shehena haikupanda kama mkataba ulivyotaka. Mwenye kontena Mombasa hanunui kilomita, ananunua siku ya kufika. Treni iliyoahidiwa kufika Kampala wiki hii ikifika wiki ijayo, bei yake nafuu haina maana tena, kwa kuwa riba ya benki na ada ya kuchelewesha kontena vinaendelea kuhesabiwa. Wenye malori walilijua hilo na, kusema kweli, hawakumwaga machozi.

Kuna sababu zilizokuwa nje ya uwezo wake. Rais Hosni Mubarak alipoanguka mwezi Februari 2011, uchumi wa Misri uliyumba na wenye fedha wakakunja mikono. Mwezi Desemba 2013 vita vilizuka Sudan Kusini, na ile ndoto ya reli kukutana na Nile ikafa kabla haijatembea.

Sababu nyingine zilikuwa ndani ya biashara yenyewe. Lori bovu hutengenezwa kwa miezi, reli hutengenezwa kwa miongo. Taruma jipya linalowekwa leo linalipa polepole kwa miaka 30, ilhali mkopo wa dola unadai riba kila nusu mwaka na mwekezaji wa Ghuba anauliza lini atatoka. Heikal mwenyewe aliliona tatizo hilo. Kuanzia mwaka 2013 aliibadilisha Citadel: ikaacha kuwa kampuni ya kununua na kuuza, ikawa kampuni mama ya kumiliki mali kwa muda mrefu, ikaongeza mtaji wake hadi pauni bilioni 8 za Misri, na mwaka 2014 ikachukua jina la Qalaa. Ilikuwa ni kukiri kwamba saa ya mtaji binafsi na saa ya miradi kama reli haziendi pamoja. Lakini wakati anabadilisha saa yake, Kenya ilikuwa imekwisha kuchagua njia nyingine.

Njia hiyo ni reli ya kisasa, SGR. Mwaka 2013 Kenya ilianza kutoza ushuru wa maendeleo ya reli wa asilimia 1.5 kwa bidhaa zinazoingizwa nchini. Kipande cha Mombasa hadi Nairobi, kilomita 472, kiligharimu shilingi bilioni 327 za Kenya, asilimia 90 kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Linganisha na dola milioni 287 ambazo RVR ilitarajia kutumia kwa mtandao mzima wa nchi mbili. Huyu alikuwa na mkopo wa kibiashara wa kulipwa kwa nauli za mizigo, yule alikuwa na hazina ya serikali nyuma yake. Tena kipande kilichokuwa na faida kuliko vyote kwa RVR kilikuwa hicho hicho cha Mombasa hadi Nairobi. Benki gani ingemwongezea mkopo mtu ambaye mwenye nyumba anajenga duka jipya mbele ya mlango wake?

Treni ya abiria ya SGR ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Miezi miwili baadaye, mwishoni mwa Julai, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliruhusu kuvunjwa kwa mkataba wa RVR upande wa Kenya, na mwanzoni mwa Agosti Shirika la Reli la Kenya likachukua mali zake. Madai yalikuwa ada zilizolimbikizwa bila kulipwa na viwango vya shehena ambavyo havikufikiwa. Uganda nayo ilitoa ilani, na mwanzoni mwa mwaka 2018 Shirika la Reli la Uganda likarudi kazini. Mkataba wa miaka 25 uliishi miaka 11 na ushei. Qalaa iliifuta reli katika vitabu vyake kama hasara.

Mpakani baada ya hapo

Kwa sadfa, mwezi Februari 2018, wiki chache baada ya reli ya Uganda kurudi serikalini, marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambapo lori hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Ikiunganishwa na utaratibu wa eneo moja la forodha ulioanza mwaka 2014, hatua hiyo ilizidi kulinenepesha lori. Msafirishaji alipata nafuu ya kweli barabarani katika msimu ule ule ambao reli ilikuwa ikihesabu mabehewa yaliyobaki.

Udhaifu wa kutegemea barabara peke yake ulionekana mwaka 2020. Madereva walipotakiwa kupimwa korona, foleni za Malaba na Busia zilifika makumi ya kilomita, na baadhi ya wenye mizigo waliokuwa wameisahau treni waliirudia kwa haraka.

Heikal hakuondoka katika biashara. Mradi wake mkubwa kuliko yote, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Egyptian Refining Company huko Mostorod karibu na Cairo, uligharimu zaidi ya dola bilioni 4 na ulizinduliwa rasmi mwaka 2020 baada ya kucheleweshwa kwa miaka. Nao ulijengwa kwa mikopo mizito, ambayo Qalaa ililazimika kujadiliana upya na wakopeshaji, huku pauni ya Misri iliyoachiwa kuelea mwezi Novemba 2016 ikiyakuza madeni ya dola kila ilipoporomoka. Kampuni iliuza mali kadhaa ili kupunguza deni. Mwaka 2023 tawi lake la nishati, TAQA Arabia, liliingia katika soko la hisa. Tofauti na Tororo, kule Mostorod mnunuzi wa bidhaa alikuwa amefungwa kwa mkataba tangu mwanzo: shirika la mafuta la serikali ya Misri. Reli haikuwa na mnunuzi wa namna hiyo. Kila behewa ilibidi ligombewe na lori.

Njia ya Tororo hadi Gulu, ambayo RVR iliifungua mwaka 2013, ilizorota tena. Ukarabati wake ulisuasua kwa mkandarasi wa kwanza, na mwaka 2023 kazi ikapewa kampuni ya Kichina ya CRBC. Mwezi Oktoba 2024 Uganda ilitia saini mkataba wa euro bilioni 2.7 na Yapı Merkezi ya Uturuki wa kujenga reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272. Safari hii mwenye mradi ni serikali yenyewe, na mkopo ni wa taifa.

Busia haimo katika ramani hiyo, kama ambavyo haikuwamo katika ya zamani. Reli mpya nayo inaingilia Malaba na kupita Tororo. Samaki, mahindi na mihogo inayotoka Lunyo na kata nyingine za Wilaya ya Busia kando ya ziwa itaendelea kupakiwa kwenye pikipiki na malori madogo, na atakayetaka treni itambidi kwanza aufikishe mzigo wake Tororo kwa barabara.